Darubini ya Bei Rahisi kwa Bunduki ya Clell

Kijito cha Mulberry, Kentucky
24 Mei 2010

Kaka Hobert,

Ahsante kwa mbegu za maharage. Zimeota zote isipokuwa zile walizozifukua kuku. Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe hatuivi kwenye simu. Mara ya mwisho nilikuuliza hali ya mgongo ukanijibu bei ya mahindi. Mashine za kiwanda cha karatasi zimekula masikio yako miaka thelathini, basi acha macho yako yafanye kazi.

Shida yangu ni bunduki ya marehemu mume wangu. Unaijua, ile ndogo ya risasi za ishirini na mbili ambayo Clell alinunua mwaka tuliooana. Msimu mdogo wa kindi mwezi huu nimeingia msituni mara nne, nimerudi na kindi mmoja, tena nilimpiga tumboni. Clell angefufuka kwa aibu. Sheria ya nyumba hii ni kichwa tu, maana risasi ya mwili inaharibu kitoweo. Kosa ni la kile kishanga cha kulengea kilicho mbele ya mtutu. Kimefifia. Nimekipaka rangi ya kucha nyekundu, kisha nyeupe, bado nakiona kama unyoya.

Basi nikanunua darubini gulioni kwa dola tisa, kubwa kama chupa ya maziwa. Haikukubali kukaa juu ya bunduki, lakini jirani yangu Burl Noble akaifunga kwa utepe mweusi wa umeme na vibano viwili vya mpira wa kumwagilia. Sasa nayaona magome ya miti kama nimo ndani yake, ila kindi mwenyewe simwoni. Niambie kosa liko wapi na nitafute ipi isiyo ghali.

Usidhani nataka anasa. Binti yangu Nedra anakuja Agosti, siku ya kufunguliwa msimu, kama kila mwaka, kula kindi kwa mchuzi mzito na vimkate vya biskuti vya moto asubuhi. Tangu baba yake afariki ni mimi ninayewapiga. Mwaka huu akikuta hakuna kindi mezani atasema mama umechoka, twende kwangu Lexington. Bado hajatamka, lakini ameshapaka rangi chumba, Hobert. Rangi ya samli. Nimezaliwa kwenye bonde hili na nataka kufia hapa hapa, si ndani ya samli.

Mdogo wako,
Orpha


Hamilton, Ohio
31 Mei 2010

Orpha mdogo wangu,

Matofaa yako yaliyokaushwa yamefika, nimeyala nusu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ahsante sana. Barua nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya vibano vya mpira tu. Mwambie Burl nimemvulia kofia.

Sasa sikia. Ile chupa yako ya maziwa ni ya bunduki kubwa ya kuwindia kulungu. Imetengenezwa ione vizuri kuanzia hatua mia moja. Kindi wako yuko hatua ishirini na tano, juu ya mti. Kwa umbali huo ukisogeza kichwa kidogo tu, ule msalaba wa kulengea unateleza pembeni, nawe unadhani umelenga sikio kumbe umelenga mkia wa mwenzake. Tena inakuza mno. Ukikuza mara tisa unaona gome, kisha gome jingine, na kindi ameshakwenda kanisani na kurudi.

Unachotaka ni darubini nyembamba, ya kukuza mara nne basi, iliyotengenezwa kwa bunduki ndogo, yenye vishikizo vyake vidogo vinavyouma ule mfereji ulio mgongoni mwa bunduki ya Clell. Usitafute inayoongeza na kupunguza ukuzaji. Kwenye vitu vya bei rahisi, kila kinachozunguka kitakuja kulegea. Duka la hapa wanazo kwa dola thelathini na mbili, nimekununulia moja nami nimeitia posta leo. Ni zawadi yako ya siku ya kuzaliwa, kwa hiyo usinitumie chochote isipokuwa matofaa.

Kaka yako,
Hobert


Kijito cha Mulberry
12 Juni 2010

Kaka,

Darubini imefika salama. Nimeitia mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, bila utepe na bila Burl. Ni nyepesi, imekaa kama imezaliwa hapo. Ahsante, Hobert. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuninunulia kitu nilichokitaka kweli. Nedra huniletea skafu.

Lakini haipigi sawa. Nimetundika kifuniko cha boksi la viatu kwenye ghala, nikapiga. Risasi ya kwanza kushoto, nikazungusha skrubu kwenda kulia. Ya pili juu, nikazungusha chini. Ya tatu sikuiona ilikokwenda. Ya nne imeua ndoo. Nimemaliza kisanduku cha risasi hamsini, na kifuniko kina matundu kama chujio. Pengine hizi za bei rahisi zinalegea ndani?

Orpha


Hamilton
18 Juni 2010

Orpha,

Hapo ulikuwa unaifukuza risasi, jambo ambalo baba alitukataza kabla hujaota meno ya mbele. Usiguse skrubu baada ya risasi moja. Chukua gunia la chakula cha kuku, lijaze mchanga nusu, lilaze juu ya meza, na bunduki ilale juu yake kama mtoto aliyeshiba. Hatua ishirini na tano. Piga tatu mahali pale pale pa kulenga, bila kugusa chochote. Zikikaa pamoja, hata kama zimekaa pamoja mahali pabaya, darubini ni nzima, sasa ndiyo uzungushe skrubu. Zikitawanyika, kuna kitu kimelegea. Anza na vishikizo.

Kuna na jambo la pili. Pete ya mwisho ya darubini, ile iliyo karibu na jicho, inazunguka. Tazama mbingu kupitia darubini, uizungushe mpaka msalaba uwe mweusi na mkali. Ukishindwa kuupata mkali, niambie.

Niambie kweli, Orpha. Usione haya kusema kitu hakionekani.

Hobert


Kijito cha Mulberry
29 Juni 2010

Kaka,

Nimefanya kama ulivyosema, gunia na vyote. Tatu zangu zilitawanyika, nikakaza vishikizo, zikatawanyika tena. Burl alikuwa amekuja kuazima ngazi, nikamwambia hebu jaribu. Akaketi, akapiga tatu, akazitia zote mahali ambapo ningefunika kwa kizibo cha soda. Akasema, "Mbona inapiga vizuri, Orpha?" Nikamwambia hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku. Alibahatisha. Burl huyu huyu aliwahi kukosa ghala.

Msalaba ni mkali wa kutosha. Jua ndilo lilikuwa baya.

Nedra ameandika kuuliza nimwandalie nini siku ya msimu. Nimemjibu kindi sita. Sijui kwa nini nimesema sita.

Ahsante kwa kunivumilia. Nadhani tatizo ni msalaba. Ni mwembamba mno, unapotelea kwenye majani. Hakuna kitu kinachoonekana zaidi, kwa pesa kidogo?

Orpha


Hamilton
5 Julai 2010

Orpha mdogo wangu,

Kipo. Kinaitwa darubini ya nukta nyekundu. Haikuzi kitu, ni kioo tu chenye nukta ya mwanga, unaweka nukta juu ya kindi na kuvuta. Inaendeshwa kwa betri ndogo kama ya saa. Zipo za mamia ya dola, zipo za dola ishirini na nane. Nimekutumia ya ishirini na nane.

Usiitie kwenye bunduki mara moja. Kwanza iwashe, ushike mkononi, uitazame nukta dhidi ya ukuta wa ghala. Kisha uniandikie umeiona vipi. Eleza umbo lake hasa.

Ahsante kwa picha ya maharage. Yamepanda kuliko yangu.

Hobert


Kijito cha Mulberry
14 Julai 2010

Kaka,

Unataka umbo lake? Ni nyanya iliyokanyagwa. Ina mikia miwili upande wa kulia, na mkia wa tatu unaelekea chini kama mate. Nimebadilisha betri. Nimekipangusa kioo kwa kitambaa cha miwani, kisha kwa siki. Nyanya ile ile.

Sitaki kuonekana sina shukrani, maana umehangaika na mimi tangu Mei. Lakini safari hii wamekuuzia uchafu, Hobert. Rahisi ghali.

Nimesikia kindi wakikwangua kokwa kwenye miti ya hikori nyuma ya nyumba. Maganda yanaanguka kama mvua. Nasikia kila mmoja alipo.

Orpha


Hamilton
19 Julai 2010

Orpha,

Kuna njia ya kujua kama kosa ni la darubini. Hakikisha bunduki haina risasi. Tia nukta nyekundu juu yake, ielekeze kwenye ukuta wa ghala, uitazame ile nyanya. Kisha, bila kuondoa jicho, igeuze bunduki polepole mpaka ilale ubavu.

Kama mikia ya nyanya inageuka pamoja na bunduki, kosa ni la kioo, nitairudisha dukani na kuwatukana.

Kama bunduki imegeuka na mikia imebaki pale pale ilipokuwa, basi kosa si la kioo. Ukiona hivyo niandikie siku hiyo hiyo. Tafadhali, mdogo wangu.

Hobert


Kijito cha Mulberry
2 Agosti 2010

Hobert,

Nimeigeuza. Ni mbovu. Nimeirudisha kwenye boksi lake.

Ahsante kwa msaada wako wote, nasema kwa moyo, lakini sasa tuachane na habari za darubini. Huku joto ni kali na nyanya za kweli zinaiva.

O.


Hamilton
6 Agosti 2010

Orpha mdogo wangu,

Usinikasirikie mpaka ufike mwisho wa barua hii.

Ile darubini si mbovu. Kabla ya kuitia posta niliitazama mwenyewe, nukta ilikuwa duara kama punje ya mtama. Sikukutumia ili upige kindi. Nilikutumia ili ikwambie nilichoshindwa kukwambia mimi, kwa sababu nakufahamu. Mtu akikwambia neno utabishana naye mpaka jogoo achoke, lakini chombo hujawahi kubishana nacho.

Nilianza kushuku tangu barua yako ya kwanza. Mistari yako ilikuwa inapanda kilima kuelekea kona ya karatasi, na herufi zimekuwa kubwa kama za tangazo la mnada. Zamani uliandika herufi ndogo mpaka mwalimu akakulalamikia. Kishanga hakikufifia, Orpha. Msalaba si mwembamba. Na Burl hakubahatisha, maskini, alipiga tu bunduki iliyo nzima.

Mwaka juzi mimi mwenyewe nilinunua nukta kama hiyo kwa ajili ya sungura wanaokula kabichi. Nukta ikanitawanyikia machoni. Nikalaumu kiwanda, nikalaumu betri, nikalaumu serikali. Mwuza duka akanifundisha kuigeuza bunduki. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wamemtoa. Niliingia asubuhi, mchana nilikuwa nyumbani nakunywa supu. Sikukwambia. Sasa inabidi nikwambie kwa nini.

Wewe unajua kwamba macho ya Mama yalikufa kwa ugonjwa wa ukoo usio na dawa, ndiyo maana nikamleta hapa Hamilton. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wote. Si kweli. Daktari wa hapa alimpima mwaka 1978, akasema ni mtoto wa jicho, anaweza kumtoa. Mama akasema hakuna mwanamume atakayetia kisu jichoni mwake. Aliogopa. Mama yetu, aliyeua nyoka kwa pasi, aliogopa, na aliona haya kuogopa kuliko kuwa kipofu. Akanishika mkono akauweka juu ya Biblia yake, akaniapisha nisimwambie yeyote kwamba ilikuwa na dawa. Nikaapa. Miaka mitatu alikaa kwenye kiti dirishani akielekea ukuta wa jirani, ananiuliza kila siku kama mahindi ya Mulberry yameshapandwa. Akafa nimenyamaza. Nikaendelea kunyamaza miaka ishirini na tisa, na katika muda wote huo wewe ukaamini kwamba zamu yako ikifika hakuna la kufanya ila kungoja kiti chako dirishani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hawakusema anayeficha ya mwenzake atafanywa nini. Nimelifikiria hilo sana.

Nimevunja kiapo. Sijui kama ni mtoto wa jicho kwako, mimi si daktari, lakini kuna uwezekano mkubwa. Mwambie Nedra akupeleke. Na kama itakuwa kitu kingine kisicho na dawa, sikiliza vizuri: hakuna atakayekuleta Ohio. Nitakuja mimi. Nitakuwa macho yako na wewe utakuwa masikio yangu, na tutagombana kila siku mpaka Burl ahame.

Nisamehe.

Kaka yako,
Hobert


Kijito cha Mulberry
22 Agosti 2010

Kaka Hobert,

Mwandiko huu ni wa Nedra. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza lake.

(Shikamoo, Mjomba. Nitaongeza. N.)

Barua yako ilifika tarehe kumi. Kurasa nne, na herufi zako kama chawa. Nilisoma kwa lenzi ya kukuzia mpaka "usinikasirikie", nikaacha hapo hapo. Nilidhani unaniita Ohio. Nikaiweka chini ya kopo la sukari, na hapo imekaa siku kumi na moja, nami nakunywa chai bila sukari ili nisiione.

Jana msimu umefunguliwa. Nedra alifika alfajiri na mapema, akakuta nimemkaangia mayai na soseji za dukani. Akauliza, "Hukutoka leo, Mama?" Nikasema mguu. Akataka sukari, akainua kopo, akasema, "Hii si ya Mjomba Hobert? Mbona iko wazi na haijakunjuliwa?" Nikamwambia isome wewe, ni upuuzi wa darubini.

Akasoma kwa sauti. Alisoma vizuri mpaka kwenye mistari inayopanda kilima, kisha akapunguza mwendo. Alipofika kwa bibi yake akaishusha karatasi, nikamwambia endelea, mimi ndiye niliyeandikiwa. Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akaninyanyulia mkono pale mezani akauliza, "Mama, hivi ni vidole vingapi?"

Nikamwambia vya kutosha kukuzaba kofi.

(Vilikuwa vitatu. Alikuwa anatazama jagi. N.)

Basi nikamwambia yote, na wewe nakwambia. Niliigeuza ile bunduki mara tatu, Hobert. Bunduki ililala ubavu na mikia ilibaki pale pale. Nilikaa chini kwenye nyasi karibu na ghala mpaka umande ukanilowesha. Nilijua. Nilijua tangu mwaka jana majira ya baridi. Nikajua kwamba ni macho ya Mama, na kwamba mtu akishajua tu nitapelekwa kwenye chumba cha samli kuulizia mahindi.

(Mjomba, chumba hicho ni cha cherehani yangu. Nilikipaka rangi kwa sababu kilikuwa na madoa ya mvua. Sijawahi kusema ni cha Mama. Nilimwonyesha picha kwa sababu nilifurahia rangi. N.)

Amenisomea alichoandika. Haya, ni cha cherehani. Mwaka mzima nimehangaika na kindi kwa ajili ya chumba cha cherehani.

Kuhusu Mama. Nilikukasirikia siku nzima ya jana, nikakukasirikia tena leo njiani kwenda kanisani, lakini wakati wa kuomba nikagundua kwamba sina tena hasira, nimebaki na huruma tu. Ulibeba kitu hicho peke yako miaka yote. Ungeweza kukibeba mpaka kaburini na hakuna ambaye angejua. Ahsante kwa kukitua.

Nedra ameniombea miadi kwa daktari, tarehe tisa Septemba.

Orpha, kwa mkono wa Nedra

(Ahsante, Mjomba. Sina neno jingine. N.)


Hamilton
27 Agosti 2010

Orpha na Nedra,

Nimeisoma barua yenu jikoni, nikaenda kuisoma tena nje, kisha nikalala mchana mzima kama mtoto mchanga.

Daktari akikwambia ni mtoto wa jicho, usiulize kisu kina ukubwa gani. Uliza utakula nini baadaye. Na usiguse bunduki mpaka yeye aseme, hata hiyo ndogo.

Toa ile nukta nyekundu. Rudisha ya kukuza mara nne, kaza vishikizo, uiache ipumzike. Ile ni darubini nzuri, sikukudanganya kwa hiyo. Nedra, mwanangu, mama yako anakunywa chai na vijiko vitatu vya sukari. Mwekee vinne.

Hobert


Kijito cha Mulberry
17 Oktoba 2010

Kaka yangu Hobert,

Tazama mistari hii. Iko tambarare kama mbao za kanisa, na hakuna mkono wa mtu mwingine hapa.

Ilikuwa mtoto wa jicho, yote mawili. La kulia wamelipasua Septemba mwishoni, la kushoto wiki mbili zilizopita. Niliogopa, sitakuficha. Nililala pale nimefunikwa uso, nikamwelewa Mama kwa mara ya kwanza, na kama si barua yako ningeshuka kitandani nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu. Ilichukua muda wa kuchemsha viazi.

Kufumbua macho si raha tupu. Nilipofika nyumbani nikaona jiko langu, nikaona haya. Kumbe Nedra na Burl wamekuwa wakinywa kwenye vile vikombe vichafu na hawakusema neno. Nikajiona kwenye kioo, nikauliza huyu bibi ameingia saa ngapi. Lakini bluu, Hobert. Hukuniambia habari ya bluu. Ndege wa bluu alitua kwenye waya wa nguo, nikamwita Nedra kana kwamba nyumba inaungua. Alinitazama mimi, hakumtazama ndege.

Alhamisi daktari alisema ninaweza, basi nikatoka na bunduki ya Clell na darubini yako ya dola thelathini na mbili. Kabla ya hapo nilipiga tatu juu ya gunia, hatua ishirini na tano, na unaweza kuzifunika kwa kizibo. Nimeomba radhi kwa Burl. Ameniambia ananitaka niombe mbele ya watu. Nikaketi chini ya hikori. Akaja kindi mwekundu mkubwa, akakaa kwenye tawi, akala. Niliona sharubu zake. Niliona meno yake yakienda na mafuta ya kokwa yaking'aa mdomoni. Nikatoa pumzi, nikavuta, nikamkosa, kwa sababu nilikuwa nalia. Kosa hilo lilikuwa langu mimi mwenyewe, si la jicho wala kioo wala kishanga. Nilipomaliza kujipangusa nikapiga watatu, wote kichwani. Jana Nedra amekuja, tumekula na biskuti mpaka mchuzi ukaisha, akasema wa mwaka huu ni bora kuliko wa baba yake. Nimemwambia asirudie tena, lakini nimelikumbuka.

Anarudi kwake leo jioni, na mimi nabaki kwangu. Hakuna aliyelijadili. Alinikumbusha tu kuwasha taa nje.

Sasa kitu kimoja cha mwisho, na ukicheka nitakuelewa. Leo asubuhi nilipanda kilimani makaburini na maua ya karatasi. Nikapiga magoti, nikasoma jiwe, na jiwe likasema Zella. Hobert, miaka miwili mfululizo, siku ya kupamba makaburi, nimekuwa nikimpamba Shangazi Zella. Shangazi Zella ambaye Mama hakumwamkia tangu vita. Mawe yao yamechongwa na fundi mmoja na yamepakana, na mimi nilikuwa nahesabu kwa kupapasa. La Mama lilikuwa limeota ukungu, halina hata ua moja.

Nikalisugua na aproni yangu mpaka jina likatoka lote. Kisha nikaketi karibu naye nikamweleza. Nikamwambia Hobert amevunja kiapo chake, na mimi ndiye niliyefaidika. Nikamwambia kuogopa si aibu, na mimi niliogopa vile vile, ila mimi nilikuwa na mtu wa kuniambia. Nikamwambia mahindi yalipandwa, yakavunwa, yako ghalani. Na kama ana neno juu ya kiapo, asikusumbue wewe, aseme na mimi, maana sasa najua kaburi lake ni lipi.

Ahsante, kaka yangu.

Orpha